Wataka Kutunga ama Wataka Kumaliza?

Binti wa dada yangu ana miaka tisa na haachi kitu kipite bila kukiuliza. Juzi alisoma hadithi yangu fupi iliyotoka gazetini, akalilaza gazeti mapajani, akasema: "Mjomba, hii umeitunga?" Nikajibu ndiyo, tena kwa fahari kidogo. Akatikisa kichwa kama hakimu aliyekwisha kusikia pande zote mbili. "Kumbe ni uongo."

Sikuwa na la kumjibu, maana neno ni moja. Shaaban Robert alitunga. Na mtu aliyechelewa kazini kwa usingizi wake, akasema matatu iliharibika Kongowea, naye ametunga. Bunge hutunga sheria, mwalimu hutunga mtihani, jipu hutunga usaha, mimba hutunga tumboni. Kesi ya kutungwa inaweza kumpeleka mtu jela. Wimbo wa kutungwa unaweza kumtoa bibi harusi machozi. Nikaona kamusi hazitanisaidia, kwa kuwa zinapanga maana hizi moja, mbili, tatu, kana kwamba hazijuani. Afadhali niende nikalitazame neno pale linapofanywa kwa vidole.

Kwa hiyo Alhamisi moja, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa uani kwa mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, anayetunga asumini za kuuza. Mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa, nami nilimwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo. Ukitaka kuona, anza na mti."

Mti wenyewe ni kichaka kinachomfika kifuani, kimeegemea ukuta wa kisima kisichotumika tena. Maua yaliyochanua hakuyagusa. Hayo ni ya jana. Yamekwisha kutoa harufu yao usiku na sasa yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Alichokuwa akikitafuta ni matumba. Tumba la leo ni jeupe lote, limevimba katikati, ncha imefumba. La kesho lina ukijani kidogo shingoni. La kesho kutwa ni kijani tupu, dogo kama punje ya mpunga. Kwa macho yangu yale ya leo na ya kesho yalikuwa mapacha. Yeye hakutazama hata. Alipitisha vidole chini ya majani kama mtu anayepapasa mtoto aliyelala, na kilichotoka mkononi kilikuwa cheupe kila mara.

Havuti. Anabana kikonyo kwa ukucha wa kidole gumba na kukikata, kisha anaacha tumba lianguke lenyewe kwenye kipande cha kanga alichokilowesha maji na kukikamua. Nilipouliza sababu, alinyosha tumba moja mbele yangu na kulibonyeza kichwani kwa kidole, polepole. Halikupata jeraha lolote. "Ngoja," akasema, akaliweka pembeni ya ukuta. Tulipolirudia baadaye, alama ya kidole chake ilikuwa imetoka juu ya weupe, ya hudhurungi, mviringo kamili. Asumini haisahau ilipoguswa. Kwa hiyo kazi yote inayofuata, tangu kuchambua hadi kufunga fundo la mwisho, hufanywa kwa kushika shina la tumba, ule mrija mwembamba chini ya kichwa, na mahali pengine popote ni haramu.

Tukahamia barazani. Alimwaga mavuno kwenye ungo na kuyagawa mafungu matatu. Manene ni ya makoja, yale yanayovaliwa shingoni. Ya wastani ni ya kuzungushwa kwenye nywele. Madogo na yaliyopinda yanakwenda kwenye vikuba, pamoja na majani ya rehani na, siku ikiwa nzuri, mkadi uliochanwa vipande vyembamba. Kikuba hufungwa pamoja, hivyo tumba lililopinda halionekani. Katika koja kila tumba limesimama peke yake.

Uzi wake ni wa pamba, mweupe. Aliupima kwa mkono, kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye kiwiko, mara mbili, akaongeza shubiri moja "ya fundo". Kisha akautoa mbele na kuuburuta juu ya donge la nta ya nyuki lililochimbika mifereji kwa miaka ya kuburutwa nyuzi. Nta inaufanya uzi usijisokote, nao ukiingia kwenye ua lenye maji haufyonzi maji hayo. Akainyosha sindano kwenye mwanga wa mlango, jicho moja limefumba, akapitisha uzi.

"Nimetunga sindano," akasema, bila kujua kwamba nilikuwa nimekuja mjini kwa ajili ya neno hilo.

Hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Kumbe hata kabla ya ua la kwanza kitendo kilikwisha fanyika: uzi umepita kwenye tundu. Kutunga ni hicho. Ni kuvipitishia vitu vilivyotawanyika njia moja ya ndani ili vikae kwa mfuatano, na mtu akishika kimoja awe amevishika vyote. Mvuvi anapopitisha ukindu kwenye matamvua ya samaki na kuwaning'iniza, ule ni mtungo wa samaki. Misafara iliyotoka pwani kwenda bara katika karne ya 19 ilibeba shanga zilizotungwa, na bei zikatajwa kwa kete, yaani nyuzi za shanga hizo. Kete kumi zilihesabiwa kuwa fundo moja. Jina la kipimo lilitoka kwenye uzi wenyewe.

Ukitoka nje ya Kiswahili, ndugu za neno hili bado wanashika uzi. Mganda akisema okutunga anashona nguo. Mzulu akisema ukuthunga naye anashona. Ukifika kwa Wakongo, kutunga ni kujenga nyumba, jambo lililonishangaza mpaka nilipokumbuka nyumba za miti na makuti, ambazo kila kitu ndani yake kimeshikwa kwa kamba. Mzizi ni mmoja, wa kale sana, na wanaisimu wa Kibantu wanaurudisha nyuma hadi kwenye kazi hiyo ya kuunganisha kwa uzi. Johannes Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kuandika maneno aliyoyasikia, kamusi yake ikachapwa mwaka 1882 akiwa amekwisha kufariki, aliyakuta maneno haya yakiwa mazee tayari.

Lakini Bi Mkubwa hakuwa na muda wa Krapf. Jua la alasiri halingojei: matumba hufunguka magharibi, na ua lililofunguka halitungiki vizuri, petali hukamatwa na sindano.

Alishika tumba la kwanza kwa mkono wa kushoto, mrija ukiwa kati ya kidole gumba na cha shahada, kichwa kikitazama kulia. Sindano ikaingia upande wa mrija, kiasi cha upana wa punje ya mchele chini ya uvimbe, ikatokea upande wa pili. Niliinamisha sikio. Kuna mlio, mdogo kuliko wa saa ya mkononi: *ti*. Tumba la pili akalielekeza kichwa kushoto. *Ti*. La tatu kulia, la nne kushoto. Hakuvuta uzi. Aliyaacha yajikusanye kwenye sindano yenyewe, kumi, kumi na mawili, sindano ikawa kama mwiba wa nungu uliovishwa lulu. Ndipo akayashusha yote kwa pamoja, akiyasukuma kwa migongo ya kucha mbili, taratibu, mpaka yakapita mahali sindano inapokutana na uzi. Hapo ndipo penye hatari. Jicho la sindano ni pana kuliko mwili wake na uzi pale umekunjwa; ukisukuma kwa haraka mrija unapasuka kwa urefu, na ua lililopasuka mrija litanyauka kabla ya isha. Kila alipofika hapo alisimama kidogo. Nilihesabu pumzi: aliishika, akasukuma, akaitoa.

Kitendo cha kutoboa nacho kina neno lake, na ni lingine lenye nyuso mbili. Kamusi za zamani zinatupa *kuzua* kwa maana ya kutoboa, kupekecha tundu, kama mdudu anavyozua ubao. Leo tunalitumia zaidi kwa fitina: amezua jambo, amezua balaa, mzushi huyo. Basi wale waliotuachia lugha walimpa mwongo hatua zote mbili za kazi hii. Kwanza huzua, halafu hutunga. Sidhani walikaa kikao kuamua hivyo. Ila walikuwa na shanga na samaki na maua mbele yao, na walimjua mwongo wao.

Nikaomba kujaribu. Alinipa sindano ya pili bila neno, na fungu la madogo, si la manene. Tumba la kwanza nililitoboa juu mno, nikakipata kichwa. La pili lilikaa vizuri. La tatu, la nne, la tano yakakaa, nikaona kumbe, nikaongeza mwendo. Nilipoyashusha kwenye jicho la sindano nikasikia sauti ambayo sikuipenda, na matumba matatu yakafunguka ubavuni kama ganda la kunde.

"Usishike kitwa, shika tini," akasema. Kisha, baada ya kunitazama nikipapasa la sita: "Mwanangu, wataka kutunga ama wataka kumaliza?"

Alinyosha mkono, akachukua kiuzi changu pamoja na yale yaliyopasuka, akakiweka upande wake wa ungo.

Katikati ya kazi alikuja mtoto wa jirani na koja alilotumwa kulinunua kwingine, mama yake akitaka lirefushwe. Bi Mkubwa alilishika, akalipeleka puani, akalirudisha mbele ya macho. Halafu akaanza kulisoma, sina neno lingine, tumba kwa tumba, akizungusha uzi kati ya vidole.

"La leo. La leo. Hili la jana. La leo, la leo. La jana."

Nikamwomba anionyeshe. Tumba la jana ni lile lililochumwa jana likalala kwenye kitambaa chenye maji mahali pa baridi, likazuiwa kufunguka. Kwa mbali ni jeupe lilelile. Kwa karibu, pale mrija unapokutana na kikonyo, kuna umanjano mwembamba kama mstari wa penseli. Na likitobolewa halisemi. Alichukua sindano yake, akatoboa moja la leo: *ti*. Akatoboa la jana: kimya, sindano ikazama kama kwenye sabuni. Mtungaji wa koja lile alikuwa ameyapanga ya jana yote upande wa ndani, ule unaokaa kwenye ngozi, na ya leo upande wa nje. Na ya jana hayakufuatana hata mawili. Kila la jana lilikuwa na la leo kulia na la leo kushoto, ili harufu ya majirani ilifunike.

Nilitegemea akasirike. Akalinyanyua tena kwenye mwanga. "Urongo mtupu," akasema, kwa ile r ya Kimvita inayolifanya neno lisikike kama kitu kinachoviringika. Kisha akatabasamu. "Lakini mkono wake, mashallah. Tazama nafasi hizi. Hakuna lililobanwa."

Kweli hakukuwa na lililobanwa. Kila ua katika koja lile lilikuwa asumini halisi, iliyoota, ikachumwa. Hata moja halikuwa la karatasi. Ningepewa lile koja niandike hati ya mashtaka dhidi yake, ningeanza na ua gani? Binti wa dada yangu alidhani nikitunga natengeneza vitu visivyokuwapo. Lakini yule aliyechelewa kazini alichukua matatu ya kweli, barabara ya kweli, foleni ya kweli ya Kongowea. Alichofanya ni kuvipitishia uzi. Nami katika hadithi yangu nilichukua mkono wa marehemu babu, mlango wa nyumba ya watu, mvua ya mwaka mwingine. Tofauti ninayoweza kuitetea ni kwamba mimi niliandika juu kabisa kuwa ni hadithi, ilhali koja lile halikuwa na maandishi. Ni utetezi mdogo, lakini ndio nilio nao.

Washairi wetu walilijua hili zamani. Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu maneno mawili, *nudhumu* kwa utungo wa ushairi na *nathari* kwa lugha ya kawaida, na huko yalikotoka la kwanza ni kutunga lulu kwenye uzi na la pili ni kutawanya. Mimi ninayeandika nathari ni mtawanyaji, basi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipokuwa akilitunga Al-Inkishafi juu ya magofu ya Pate, alianza kwa kuifananisha kazi yake na mkufu wa lulu. Na ukimtazama malenga wa shairi la kawaida, mishororo minne kwa ubeti, mizani kumi na sita kwa mshororo, nane hadi kina cha kati na nane baada yake, utamwona akifanya alichokuwa akikifanya Bi Mkubwa: kichwa kulia, kichwa kushoto, na pale penye jicho la sindano anashika pumzi. Kiswahili kikamtofautisha kwa sauti moja tu. Jenga hutoa mjenzi, tunga hutoa *mtunzi*. Jina hilo tumempa mwenye maneno. Mwenye maua na shanga tumemwachia *mtungaji*. Sijasikia mtu akimwita Bi Mkubwa mtunzi, nami sioni haki yake.

Koja lake lilipofika urefu wa kutosha alilishika ncha mbili na kuliacha lining'inie. Vichwa vilikaa vikipishana, kulia kushoto, kulia kushoto, na katikati hakukuonekana uzi. Alilitikisa kidogo. Moja likalegea likajigeuza. Akalirudisha kwa ncha ya sindano, hakulishika. Akaongeza waridi moja jekundu, akitoboa chini ya kikombe cha kijani mara mbili, ili lisizunguke. Kisha akafika kwenye ile shubiri ya ziada. Alizifunga ncha mbili fundo, akalivuta kwa meno, akafunga la pili juu yake, akakata. Nta ililifanya fundo lishike. Mkia wa uzi akaurudisha ndani ya mirija mitatu ya kwanza, ukapotea.

Hatua hii ya mwisho ilichukua muda karibu sawa na nusu ya koja. Hakuna atakayeiona. Mvaaji ataligundua fundo pale tu litakapokuwa baya, likimkwaruza kisogoni.

Makoja manne na vikuba sita vilifungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto ili lilainike, akavinyunyizia maji kwa vidole. Adhana ya magharibi ilipoanza, msichana aliyetumwa kutoka nyumba ya harusi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pesa zilizokunjwa. Bi Mkubwa alimpa mzigo wake, akamwambia asipite juani, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama. Nami nikapewa kiuzi kifupi cha nywele, "cha huyo mwanao mwenye maswali." Nilitaka kulipa, akakataa, nikaacha pesa chini ya ungo, akaniona, akajifanya hakuniona.

Nilipofika nyumbani matumba yalikuwa yanafunguka. Binti wa dada yangu alikizungusha kiuzi kwenye kiganja chake, akakinusa, akakiweka kando ya mto alipolala, na chumba kizima kikanukia hadi usiku wa manane.

Asubuhi yalikuwa ya kahawia. Nilimkuta mkekani akiyatoa kwenye uzi moja moja na kuyapanga mstari, akihesabu. Alipofika katikati alisimama. Akaleta mkono karibu na dirisha.

"Mjomba. Haya matatu yamepasuka ubavuni. Yalikuwa yamefichwa ndani, kila moja limewekwa kati ya mazuri."

Nikayatazama. Niliyajua.

"Hapa," akasema, "ni wewe umetunga?"